Nani Amelitundika Bango?

Sheria ambayo Gavana Jeff Landry wa jimbo la Louisiana, Marekani, aliitia saini tarehe 19 Juni 2024 inaeleza mpaka kipimo cha karatasi. Bango la Amri Kumi lisipungue inchi 11 kwa 14, yaani kama sentimita 28 kwa 35 na nusu. Amri zenyewe ndizo zitawale bango, kwa herufi kubwa zinazosomeka bila taabu. Litundikwe katika kila darasa la shule za umma, kuanzia watoto wa chekechea hadi vyuo vikuu vya jimbo, na kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo tarehe 1 Januari 2025. Maneno ya kuandikwa yamo ndani ya sheria, neno kwa neno. Mwaka uliofuata Arkansas na Texas zikapitisha sheria zao, na bango lao ni kubwa zaidi: inchi 16 kwa 20. Texas iliongeza kwamba maandishi yasomeke na mtu mwenye macho ya kawaida kutoka popote darasani, na kwamba pasiwe na neno jingine lolote kwenye bango hilo.

Ukiusikia mjadala huu kwa mbali ni rahisi kudhani ni ugomvi wa wanaomcha Mungu na wasiomcha. Sivyo. Miongoni mwa familia 9 zilizokwenda mahakamani kuipinga sheria ya Louisiana wamo viongozi wa makanisa, wamo Wayahudi, na wamo wasiofuata dini yoyote. Mchungaji anayeihubiri Biblia kila Jumapili hakufika mahakamani kwa kuichukia. Amefika kwa sababu anajua tofauti ya kumfundisha mwanawe Neno nyumbani na serikali kumfundisha kwa niaba yake, kwa tafsiri iliyochaguliwa na wabunge.

Kwa hiyo tuliweke kando kwanza swali la kama Amri Kumi ni njema. Maswali yanayoamua jambo hili ni mawili: nani amelitundika bango, na je, anayelisoma ana ruhusa ya kuondoka?

Lisome bango lenyewe. Chini ya kichwa kinachosema Amri Kumi kuna sentensi 12, wala hazina namba. Namba hazipo kwa sababu wenye amri hizi hawazihesabu namna moja. Kwa Wayahudi, tamko la kwanza ni lile la "Mimi ni Bwana, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Kwa Wakatoliki na Walutheri, katazo la sanamu ni sehemu ya amri ya kwanza, halafu tamaa inagawanywa mara mbili mwishoni: kwa Wakatoliki mke wa jirani ana amri yake na mali ya jirani ina amri yake, na kwa Walutheri nyumba ya jirani ndiyo iliyopewa amri yake. Waanglikana na Waprotestanti wengi wanaitenga sanamu kuwa amri ya pili na kuifanya tamaa yote kuwa amri moja. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuliona hili. Watu wakisema fulani "amevunja amri ya sita," sote tunajua wanasema nini. Lakini amri ya sita kuwa ni uzinzi ni hesabu ya Kikatoliki na Kilutheri. Kwa hesabu ya Kianglikana amri ya sita ni "Usiue."

Kufuta namba kunaukwepa ugomvi huo bila kuumaliza. Katazo la sanamu bado limepewa mstari wake peke yake, kama Waprotestanti wengi wanavyolihesabu. Na kuna kilichokatwa. Sentensi ya kwanza ya bango inaishia hapa: "Mimi ni Bwana, Mungu wako." Misri haimo. Nyumba ya utumwa haimo. Yale ambayo kwa Myahudi ndiyo sababu ya agano lote, kwamba anayetoa amri ni yule aliyewafungua watumwa, yameondolewa. Mstari wa mwisho, unaokataza kumtamani mtumwa na mjakazi wa jirani, umebaki. Louisiana ni nchi ya mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mtoto mweusi wa huko anasoma ukutani kwamba mtumwa ni mali ya jirani isiyotamaniwa, na mstari uliotangaza ukombozi haupo. Sidhani waliounda maneno hayo walikusudia hivyo. Lakini ndivyo inavyokuwa maandiko yakipita kwenye kamati ya serikali: yanakatwa ili yamtoshe kila mtu, na kinachobaki si cha mtu yeyote.

Chukua pia sentensi ya "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase." Myahudi na Msabato wanajua ni Jumamosi. Mkatoliki atakuambia Jumapili. Mtoto wa miaka 8 akinyoosha mkono na kuuliza ni siku gani, mwalimu wa shule ya umma ana njia tatu, na zote ni mbaya: atoe jibu la dini yake, atoe jibu la dini ya wengi, au akae kimya mbele ya maandishi ambayo jimbo limeamuru yatazamwe kila siku. Mwalimu wa darasa la kwanza ana kazi nzito zaidi siku atakapoulizwa kuzini ni kufanya nini.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana neno "ukuta," yaani utengano wa dini na serikali, linatumiwa sana na wachache wanakumbuka lilijengwa na nani. Mwaka 1644 Roger Williams, mhubiri aliyekuwa amefukuzwa Massachusetts na kuanzisha makazi ya Providence mwaka 1636, aliandika juu ya ua au ukuta unaoitenga bustani ya kanisa na nyika ya dunia. Alichokihofia ni nyika kuingia bustanini. Serikali ikiingiza mkono kanisani, kanisa ndilo linaloharibika. Jirani zake wa Boston walikuwa na kanisa la serikali, na kati ya 1659 na 1661 waliwanyonga Waquaker wanne, watu wa dhehebu jingine la Kikristo, mmoja wao mwanamke aitwaye Mary Dyer, kwa kosa la kurudi mahali walipofukuzwa.

Karne moja na zaidi baadaye, mwaka 1785, James Madison, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alipinga mswada wa Virginia wa kuwatoza watu kodi ya kuwalipa walimu wa Kikristo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: mamlaka inayoweza kuuweka Ukristo juu ya dini nyingine inaweza kwa wepesi uleule kuliweka dhehebu moja la Kikristo juu ya mengine. Wabatisti wa Virginia, ambao wahubiri wao walikuwa wametupwa jela, walimwelewa mara moja. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yakaidhinishwa mwaka 1791, yakilikataza Bunge kutunga sheria ya kuanzisha dini au ya kuzuia watu kuishika dini yao. Na katika barua yake ya tarehe 1 Januari 1802, ambamo anautaja ukuta kati ya kanisa na dola, Rais Thomas Jefferson alikuwa akiwajibu Wabatisti wa Danbury, waumini wachache ndani ya jimbo la Connecticut lililoendelea kuwa na kanisa lake rasmi hadi 1818. Waliouomba ukuta walikuwa watu wa sala.

Kwa muda mrefu katazo hilo liliifunga serikali ya shirikisho peke yake. Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yalifungua njia ya kuzibana serikali za majimbo, na mwaka 1947, katika kesi ya Everson iliyohusu nauli za mabasi ya wanafunzi huko New Jersey, Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba katazo la kuanzisha dini linayafunga majimbo pia. Shule za umma ziko chini ya majimbo. Ndiyo maana karibu kesi zote kubwa za dini shuleni zimekuja baada ya mwaka huo.

Ya kwanza, McCollum ya mwaka 1948, itawashangaza wasomaji wa Tanzania na Kenya. Huko Champaign, Illinois, walimu wa dini kutoka nje waliingia madarasani mara moja kwa wiki, dakika 30 kwa madarasa ya chini na 45 kwa ya juu. Waprotestanti huku, Wakatoliki kule, Wayahudi na mwalimu wao. Kwetu hicho kinaitwa kipindi cha dini: shehe anawachukua wake, katekista wake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikikataa, kwa sababu majengo ya umma na sheria ya kuhudhuria shule kwa lazima vilikuwa vinatumika kuwakusanyia madhehebu wanafunzi. Miaka minne baadaye ikaruhusu mpango kama huo pale watoto wanapotoka nje ya shule kwa idhini ya wazazi. Tofauti yake ni mlango wa shule tu, nao ni mlango wenye maana kubwa.

Tanzania ina jibu lake, na linafaa kutajwa kwa usahihi. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inasema kueneza dini ni hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata hivyo kipindi cha dini kipo, na wengi hawaoni mgongano, kwa sababu kila mtoto anakwenda kwa wa kwao. Serikali inafungua mlango ila haishiki kitabu. Kenya nayo, katika Ibara ya 8 ya Katiba ya 2010, imeandika kwamba hakuna dini ya taifa, huku shule nyingi za umma zikiwa na mfadhili wa kidini. Nazitaja si kwa kuzisifu wala kuzilaumu. Nataka ionekane kwamba Louisiana na Texas zimefanya jambo ambalo hata mpango wa kwetu ulio legevu zaidi haufanyi: bunge limechagua maandiko, limeyahariri, na kuyaweka mbele ya watoto wa dini zote kwa pamoja.

Baada ya hapo Mahakama ya Juu ilikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1962 ilikataa sala ya maneno 22 iliyotungwa na maofisa wa elimu wa New York, ingawa mtoto aliruhusiwa kutoisema. Mwaka 1963 ilikataa usomaji wa aya kumi za Biblia kila asubuhi huko Pennsylvania, ikisema papo hapo kwamba kuisoma Biblia kama fasihi na historia ndani ya somo la kawaida ni halali kabisa. Mwaka 1992 ilikataa sala ya rabi kwenye mahafali huko Providence, mji uleule wa Roger Williams. Mwaka 2000 ikakataa sala ya kwenye kipaza sauti kabla ya mechi huko Texas, hata kama aliyeisoma ni mwanafunzi aliyepigiwa kura na wenzake. Hapo ndipo penye fundisho ambalo walimu wakuu wengi hulikosea: kura ya walio wengi haiigeuzi sala ya shule kuwa sala ya mtu binafsi. Kipaza sauti ni cha shule, uwanja ni wa shule, ratiba ni ya shule.

Kesi iliyo karibu zaidi na mabango ya leo ni Stone dhidi ya Graham, iliyoamuliwa tarehe 17 Novemba 1980 kwa majaji 5 dhidi ya 4. Sheria ya Kentucky ya mwaka 1978 ilitaka Amri Kumi katika kila darasa, kwa kipimo cha inchi 16 kwa 20. Ndicho kipimo ambacho Texas na Arkansas wamekirudia. Kentucky ilijihami kwa njia mbili. Fedha zilitoka kwa wachangiaji binafsi, si hazina ya serikali. Na chini ya kila bango kulikuwa na maandishi madogo yaliyoeleza kwamba Amri Kumi ndizo msingi wa sheria za ustaarabu wa Magharibi. Kinga zote mbili zilivunjika. Mchango wa mtu binafsi haubadili anayesema, kwa sababu ukuta ni wa serikali na amri ya kutundika ni ya serikali. Maandishi madogo nayo hayawezi kuyafuta makubwa: sentensi za mwanzo kwenye bango zinahusu kumwabudu Mungu mmoja, sanamu, jina la Bwana na Sabato, na hayo si msingi wa sheria ya wizi wala ya mauaji. Mahakama iliongeza kwamba kama mabango hayo yana athari yoyote, ni kuwafanya watoto wayasome, wayatafakari, pengine wayaheshimu na kuyatii. Mwamini atasema hiyo ndiyo kazi ya Neno. Ndiyo, na ni kazi ambayo Katiba ya Marekani haikuikabidhi serikali.

Wanaotetea sheria mpya wanategemea kesi mbili. Ya kwanza ni Van Orden ya mwaka 2005. Katika viwanja vya Bunge la Texas kuna mnara wa jiwe wa Amri Kumi, uliotolewa mwaka 1961 na chama cha Fraternal Order of Eagles, na mahakama iliuacha usimame. Maneno ya bango la Louisiana yamechukuliwa kutoka humo. Lakini mnara huo uko kwenye viwanja vya ekari 22, pamoja na minara mingine 16, na mpita njia anaweza kupita upande wa pili. Siku ileile, tarehe 27 Juni 2005, mahakama ilikataa Amri Kumi zilizotundikwa kwenye majengo ya mahakama za wilaya huko Kentucky. Wilaya zile zilianza na Amri peke yake, ziliposhitakiwa zikaongeza nyaraka nyingine, tena zikichagua vipande vyenye kumtaja Mungu, mwishowe zikaja na maonyesho ya "misingi ya sheria." Mahakama haikujifanya imesahau toleo la kwanza. Nia ikishaonekana, mapambo yanayofuata hayaifichi. Ofisa yeyote anayedhani atatundika kwanza na kutafuta sababu baadaye aisome kesi hiyo.

Ya pili ni Kennedy, ya Juni 2022, iliyoamuliwa kwa 6 dhidi ya 3. Kocha wa shule ya Bremerton, jimbo la Washington, alikuwa akipiga magoti katikati ya uwanja baada ya mechi na kusali. Mahakama ilisema hiyo ni sala yake binafsi, ikaachana na kipimo cha zamani cha mwaka 1971 kilichochunguza lengo la sheria na athari zake, na kuagiza kwamba katazo hilo lipimwe kwa desturi na uelewa wa kihistoria. Kwa maoni yangu mahakama ilichukulia kwa wepesi mno hali ya kijana anayetaka kupangwa kikosini na huku kocha wake anasali mbele ya macho yake. Lakini hata tukiikubali hukumu ile ilivyo, haikuifuta Stone, na msingi wake ulikuwa kwamba hakuna aliyelazimishwa. Bango lililoamriwa kwa sheria si sala ya mtu binafsi hata kidogo.

Na hiyo historia yenyewe inasemaje? Mwaka 1791 shule za umma kama zilivyo leo karibu hazikuwepo. Zilipoenea katika karne ya 19, Biblia iliyosomwa humo ilikuwa ya King James, ya Kiprotestanti. Huko Philadelphia, Askofu Francis Kenrick aliomba watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kusoma Biblia yao na wasilazimishwe kushiriki mafunzo ya Kiprotestanti. Ombi hilo lilizua hasira, na mwezi Mei 1844 vurugu zikalipuka. Makanisa ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Augustino yakateketezwa kwa moto, na watu wakauawa. Mwaka 1890 Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliwasikiliza wazazi wa Kikatoliki wa Edgerton na kuuondoa usomaji wa Biblia katika shule za umma za jimbo hilo, miaka 73 kabla ya Mahakama ya Juu ya Marekani kufika huko. Historia ya maandiko kwenye kuta za shule za Marekani imejaa mapigano ya Wakristo kwa Wakristo. Anayeiita desturi ya umoja ameruka kurasa.

Sheria ya Louisiana ilijaribu kuiandika historia hiyo upya. Inamnukuu James Madison akisema taifa limeweka mustakabali wake juu ya uwezo wa watu kujitawala kwa Amri Kumi. Mwanahistoria Steven Green aliieleza mahakama kwamba nukuu hiyo ni ya kubuni. Haimo katika maandishi ya Madison. Jambo hili linaniuma kuliko yote. Kati ya sentensi 12 za bango, moja inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Watunga sheria wanaotaka watoto waisome kila siku walipaswa kuhakiki shahidi wao.

Jaji John deGravelles aliizuia sheria hiyo tarehe 12 Novemba 2024. Jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano likakubaliana naye Juni 2025, likisema Stone bado inazifunga mahakama za chini. Agosti mwaka huohuo majaji wa Arkansas na Texas nao wakazuia mabango katika wilaya za shule zilizoshitakiwa: nne Arkansas, kumi na moja Texas. Kisha, baadaye mwaka huohuo, mahakama ya rufaa ikaamua kuyasikiliza upya mashauri ya Louisiana na Texas mbele ya majaji wake wote. Kuna jambo la kiutendaji hapa ambalo wazazi wengi halijawafikia: zuio la namna hii linawafunga waliotajwa kwenye kesi tu. Texas ina wilaya za shule zaidi ya 1,000. Mwaka 2025 mtoto aliyehama kutoka wilaya moja kwenda ya jirani aliweza kulikuta bango upande mmoja wa barabara na asilikute upande wa pili. Sheria ya Texas pia inailazimisha shule kulipokea bango la msaada likiletwa, kwa hiyo jirani mmoja mwenye gari la kubebea maboksi anaweza kubadilisha kuta za shule nzima kwa asubuhi moja.

Wanaosema Mungu amefukuzwa shuleni wanastahili jibu la kweli, maana uchungu wao ni wa kweli. Jibu ni kwamba mwanafunzi hakufukuzwa na dini yake. Anaweza kusali kabla ya kula. Anaweza kusoma Kurani au Biblia wakati wa mapumziko. Anaweza kuvaa msalaba, kilemba cha Kisikhi au hijabu. Akiandika insha juu ya imani yake, inasahihishwa kwa vigezo vya insha: sarufi, hoja, mpangilio. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984, iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1990, inasema shule ya sekondari inayopokea fedha za serikali kuu ikiruhusu vikundi visivyo vya masomo, tuseme cha chesi, haiwezi kukikatalia kikundi cha Biblia wala cha Waislamu. Masharti yake ni mepesi kuyakumbuka: kikutane nje ya muda wa vipindi, kiongozwe na wanafunzi wenyewe, mwalimu akiwepo awe mwangalizi tu, na watu wa nje wasikiendeshe. Mwalimu wa historia anaweza kufundisha Amri Kumi pamoja na sheria za Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli. Ndani ya ukumbi wa Mahakama ya Juu yenyewe wamechongwa watoa sheria 18, akiwemo Musa, Confucius na Mtume Muhammad. Musa amesimama miongoni mwa wenzake, na hakuna anayeamriwa kumtii yeyote kati yao.

Ulaya imejibu kwa njia zake. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikataa mwaka 1995 msalaba wa lazima katika madarasa ya Bavaria. Bavaria ikatunga sheria inayouacha msalaba ukutani, ila mzazi akitoa pingamizi zito la dhamiri, mwalimu mkuu lazima atafute suluhu. Italia ilishinda mwaka 2011 katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, kwa majaji 15 dhidi ya 2, na misalaba ikabaki. Lakini msalaba ni alama isiyo na sentensi. Bango la Texas linamwambia msomaji asiwe na mungu mwingine, kwa lugha ya amri. Anayeitumia hukumu ya Italia kulitetea bango hilo anafananisha vitu viwili visivyolingana.

Haya yote yanawagusa watu wetu moja kwa moja. Familia za Wakongo na Warundi waliopewa makazi Texas zina watoto katika madarasa hayohayo: Wapentekoste, Wakatoliki, Waislamu, Wasabato. Wazazi wengi wanaogopa kuuliza lolote shuleni, na hofu hiyo inaeleweka. Basi na wajue haya. Haki ya mtoto kusoma shule ya umma haitegemei karatasi za uhamiaji. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Texas hiyohiyo. Usilibandue bango wala usimtume mtoto alibandue, hata kama una hakika ni batili. Hapo kosa litakuwa lako. Liandike lilipo, darasa gani, tangu lini, na maneno yake. Mwandikie mwalimu mkuu na umwulize mambo matatu: limewekwa kwa sheria ipi au kwa uamuzi wa nani, lilitoka wapi, na je, wilaya hii iko chini ya zuio la mahakama. Omba jibu kwa maandishi, na utunze nakala yenye tarehe. Kama mtoto amewahi kuambiwa alisome kwa sauti, au amechekwa kwa kuulizia, andika siku na maneno yaliyosemwa, kwa sababu mahakama hupima kilichotokea, haipimi kilichohisiwa peke yake.

Na kama Kiingereza chako hakitoshi, omba mkalimani wa Kiswahili kwa ajili ya kikao hicho. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inaikataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na kwa miaka mingi imeeleweka kwamba kumwacha mzazi gizani kwa sababu ya lugha ni ubaguzi wa aina hiyo. Usikubali mwanao wa darasa la tano akae katikati yako na mwalimu mkuu akitafsiri ugomvi unaomhusu yeye mwenyewe.